Mbao za Kwenye Karatasi

Saa tatu asubuhi Shangazi alikuwa amelala kifudifudi juu ya dari ya wodi ya wazazi, tochi ameiuma kwa meno, vumbi limemjaa puani, na joto la bati likimchoma mgongo kama pasi. Alikuwa ametambaa hadi pale kwa kufuata ukuta wa katikati, kwa sababu huko juu ukuta ndio kitu pekee alichokiamini. Akanyoosha mkono na kugonga mahali pa feni ya kwanza. Dari ikajibu pu! kama ngoma iliyolegea. Akasogea, akagonga mahali pa feni ya pili. Pu! Akamulika huku na huku akitafuta mbao. Mbao hakuna.

Ramani aliyopewa ilikuwa imekunjwa ndani ya ovaroli lake, na ramani ilisema mbao zipo. Ilizichora vizuri kabisa, mbili kwa nne, zimelazwa kutoka kenchi moja ya paa hadi nyingine, mahali sita, juu ya kila mahali palipotakiwa kuning'inia feni. Alichokiona kwa macho yake ni fito, nyembamba kama rula za shuleni, zimepigiliwa kwa misumari ya kubahatisha, za kushikilia ubao wa jipsamu usidondoke na basi. Kenchi zenyewe zilikuwa nzima, mbao ngumu za zamani, lakini kutoka moja hadi nyingine ni hatua mbili za mtu mzima. Katikati hapo palikuwa na jipsamu tupu, na chini ya jipsamu kulikuwa na kichwa cha mzazi.

"Wezi wakubwa nyie," alisema peke yake, tochi ikamdondoka mdomoni.

Alishuka kwa ngazi akiwa mweupe kama mtu aliyetoka kwenye gunia la unga. Wanawake waliokuwa vitandani wakaangua kicheko.

"Shangazi, ulikuwa unaolewa huko juu?" aliuliza bibi mmoja aliyekaa kando ya kitanda namba tano. Bibi huyo alikuwa amekuja kumuuguza binti yake aliyejifungua mapacha juzi, na tangu afike alikuwa anawapepea wajukuu zake kwa kipande cha boksi bila kupumzika.

"Ningeolewa na nani, bibi? Huko juu hakuna hata mbao, sembuse mwanamume."

Wakacheka tena, lakini sista wa zamu hakucheka. Alikuwa anamjua Shangazi miaka yote kumi na moja aliyofanya kazi pale, na alijua anapotania huku ametoa macho kuna jambo.

"Hakuna mbao maana yake nini?" aliuliza.

"Maana yake feni haina pa kushika. Feni moja ina uzito wa mtoto wa mwaka mmoja, dada yangu, halafu inazunguka, inavuta huku, inasukuma kule, mchana na usiku. Ukiifunga kwenye jipsamu, inaitafuna kidogo kidogo mpaka tundu linapanuka. Siku yake ikifika haikupigii hodi."

Sista akatazama juu, kisha akatazama vitanda kumi na viwili vilivyojaa. Joto la wodi ile lilikuwa si la kawaida. Zamani kuta zake zilikuwa na matundu ya hewa karibu na paa, na usiku upepo ulipita. Mwezi uliopita dari mpya ilipowekwa, iliteremshwa chini kiasi cha mkono mzima ili ipendeze, na matundu yote yakaachwa upande wa juu, yanapepea popo. Tangu hapo watoto walikuwa wanatoka vipele shingoni. Ndipo zikanunuliwa feni sita, na kesho saa nne mgeni rasmi alikuwa anakuja kubonyeza swichi.

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Jina hilo alilipata siku alipomfokea daktari mzima aliyechomeka birika la chai kwenye soketi moja na friji ya chanjo. Mikono yake ilikuwa ya fundi umeme na mdomo wake ulikuwa wa shangazi, basi likamganda. Kwenye karatasi alikuwa "kibarua wa muda", na huo muda ulikuwa umefika miaka kumi na moja, ukihuishwa kila baada ya miezi mitatu kwa barua ya mistari minne. Barua ya safari hii ilikuwa mezani kwa Katibu wa hospitali tangu Jumatatu, ikingoja sahihi.

Na woga wake haukuwa wa kuzua. Miaka minne iliyopita feni ilidondoka katika chumba cha kutunzia mafaili, ikamvunja bega karani aliyekuwa anakunywa chai. Shangazi ndiye aliyeiokota. Aliziona skrubu mbili fupi, zimejaa unga wa jipsamu kwenye meno yake, hazijawahi kugusa mbao maisha yao yote. Alizipeleka kwa wakubwa zikiwa kwenye bahasha. Taarifa ilipotoka iliandikwa "uzembe wa mtumiaji", kana kwamba yule karani alipanda juu ya meza akaivuta feni kwa mikono yake. Karani sasa anauza vocha kwa mkono mmoja, na aliyeifunga ile feni alipewa zabuni ya dari mpya.

Huyo ndiye waliyemwita Shemeji. Hakuna mfanyakazi aliyelijua jina la kampuni yake. Alimuoa dada yake Katibu, na hicho ndicho kilichokuwa cheti chake cha ufundi.

*

Katibu alikuwa mdogo kwa Shangazi kwa miaka kumi na zaidi, lakini shikamoo zake aliwawekea akiba wakubwa wa wizara.

"Nimeambiwa umeanza kutafuta sababu," alisema bila kuinua macho kwenye orodha ya viti vya wageni.

"Sijatafuta sababu, bosi. Nimetafuta mbao. Hazipo."

"Zipo." Akavuta faili, akafunua, akaligeuza limwelekee. "Hii hapa hati ya kukamilika kwa dari. Mbao ishirini na nne, mbili kwa nne. Zimewekwa, zimekaguliwa, zimelipiwa. Umeona sahihi?"

"Nimeiona. Ni yako."

"Sasa unanifundisha nini?"

"Bosi, feni siifungi kwenye karatasi. Twende ukapande mwenyewe, ngazi nimeiacha pale pale. Dakika tano tu."

Katibu akajitazama suti, kisha akamtazama yeye na vumbi lake. "Wewe unataka niende juu ya dari."

"Basi nipe mbao kumi na mbili. Kila feni naiwekea mbili, kenchi hadi kenchi, nazifunga kwa bolti. Kazi ya leo leo. Nikizipata saa nne hii, saa kumi jioni nimemaliza zote sita, na utalala usingizi wako."

"Kuna fomu ya maombi ya vifaa. Ijaze. Msimamizi wa wodi asaini, mhasibu asaini, kisha iletwe kwangu."

"Mhasibu yuko wapi?"

"Yuko kwenye kikao cha maandalizi."

"Kinaisha saa ngapi?"

"Shangazi," Katibu akaweka kalamu chini, "mgeni anabonyeza swichi kesho saa nne. Pangaboi sita. Imeshaandikwa kwenye hotuba. Sijui mbao, sijui nini, hayo ni mambo yako wewe fundi. Na ukumbuke nina barua yako hapa."

Aliigusa ile barua kwa kidole, polepole, kama mtu anayempapasa paka.

Shangazi alijaza fomu. Sista akasaini huku amembeba mtoto wa mtu. Mhasibu, aliyepatikana mlangoni mwa ukumbi wa kikao akiwa na soda mkononi, akasema fomu ni ya mwaka jana, rangi imebadilika, siku hizi ni ya kijani. Fomu ya kijani ikapatikana ghorofani. Saa nne na nusu akawa dirishani pa stoo, na mtunza stoo akaisoma fomu kuanzia juu mpaka chini kama mtu anayesoma wosia.

"Haina sahihi ya Katibu."

"Katibu anataka kuona ya mhasibu kwanza. Mhasibu anataka kujua kwako kama mbao zipo. Zipo?"

"Hazipo."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi. Zilikuwepo thelathini." Mtunza stoo akaegemea mbele, akashusha sauti, kwa kuwa naye alikuwa binadamu. "Shangazi, toka nje, zunguka nyuma ya jengo la utawala. Utaziona mbao zako zilipo."

*

Alizisikia kabla hajaziona. Msumeno ulikuwa unalia, nyundo zinajibizana, na harufu ya mbao mbichi imetanda uwanja mzima. Walikuwa wanajenga jukwaa la mgeni rasmi. Lilikuwa na ngazi tano zenye vishikio pande mbili, paa la kuzuia jua, na sakafu iliyolala juu ya mbao mbili kwa nne zilizobanana hivi kwamba usingeweza kupitisha ngumi katikati yake. Nyuma ya viti kulikuwa na fremu kubwa, ndefu kuliko nyumba, ya mbao hizo hizo, ya kutundikia kitambaa chenye maneno ya kumkaribisha.

Shangazi alisimama akazihesabu. Alipofika ishirini na sita akaacha, kwa sababu macho yalianza kumuuma.

Seremala wa hospitali, mzee mwenye penseli sikioni ambaye kila mtu alimwita Randa, akamwona. "Mbona umesimama kama aliyefiwa?"

"Hili jukwaa litabeba watu wangapi?"

"Kumi na wanane."

"Kwa muda gani?"

"Saa moja. Wakichelewa, saa moja na nusu."

"Mbao hizi zingebeba tembo, Randa."

"Nimeambiwa lisitikisike. Mgeni akisikia kitu kinatikisika chini ya kiatu chake, mimi nitakiona cha moto." Akacheka, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki. "Kuna nini, mama?"

Akamweleza. Hakupamba. Alimweleza fito, misumari ya kubahatisha, hati yenye sahihi, na vitanda kumi na viwili. Randa alisikiliza huku anafuta msumeno kwa pindo la shati. Alikuwa na wakwe watatu na wajukuu tisa, na wote tisa walizaliwa katika wodi ile.

"Sakafuni siwezi kutoa," alisema hatimaye. "Nikitoa, mtu atavunjika mguu, na huo utakuwa ujinga ule ule wa Shemeji. Lakini ile fremu ya nyuma." Akaitazama juu mpaka chini. "Ile inabeba kitambaa. Kitambaa kina ukuta mzima wa utawala wa kutundikiwa."

"Watakuuliza."

"Nitasema upepo ulikuwa unaisukuma. Kwani kuna anayejua?" Akachukua nyundo. "Zitatoka nane. Tisa haiwezekani, hata ukilia."

Nane. Feni nne. Shangazi alipiga hesabu hiyo mara tatu, na mara zote ikakataa kuwa sita.

*

Walifanya kazi wawili, wazee wawili juu ya dari kama paka, na huko juu hapakuwa tena na utani. Kwanza Shangazi alizima umeme wa wodi kwenye kisanduku kikuu, akakifunga, akatia ufunguo mfukoni na kubandika karatasi: MTU YUKO JUU, USIGUSE. Hata hivyo alipofika kwenye waya aliupima tena kwa tesa. Alikuwa na makovu mawili mkononi ya kumkumbusha kwamba neno "nimezima" la mtu mwingine halitoshi.

Randa alikata mbao kwa kipimo cha nafasi halisi kati ya kenchi na kenchi, kwa sababu nafasi hazikulingana, tofauti ya vidole viwili hapa, vitatu pale. Walizilaza mbili mbili zikiwa zimesimama kwa ubavu, kwani mbao iliyosimama haipindi upesi kama iliyolala. Wakatoboa kwa drili ya betri, wakapitisha bolti ndefu kila upande pamoja na washa zake na nati, wakakaza mpaka mbao ikalia. Vile viboksi vya plastiki alivyoviacha Shemeji, vya kufungia taa, Shangazi aliving'oa kimoja kimoja akavitupa chini. Mahali pake akapitisha kulabu ya chuma iliyopenya jipsamu bila kuigusa, ikashikwa na mbao zenyewe. Pembeni ya kila kulabu akazungusha waya wa chuma wa akiba kwenye kenchi, ili ikitokea pini ikakatika, feni ining'inie, isianguke.

Kisha akazijaribu kulabu. Alipanda ngazi, akaishika kulabu kwa mikono miwili, akamwambia sista asogeze ngazi. Akabaki ananing'inia, mama wa miaka hamsini na mitatu, ovaroli limempanda mpaka magotini, viatu vinachezacheza hewani. Akahesabu mpaka ishirini.

"Kama inanibeba mimi na maudhi yangu yote," alisema aliposhuka, "feni itaibeba."

Alifanya hivyo kwa kulabu zote nne. Kwenye ya nne vidole vilianza kumteleza, na bibi wa mapacha akamwambia, "Shuka mwanangu, tumeamini."

Saa nane na nusu Shangazi alirudisha umeme. Feni nne zikaanza kuzunguka, kwanza kivivu, kisha upepo ukashuka. Mwanamke mmoja aliyejifungua kwa upasuaji akafungua vifungo vya gauni shingoni, akafumba macho, akasema "Ah" kama mtu anayekunywa maji. Mashuka yakaanza kutikisika. Randa aliketi sakafuni chini ya feni ya tatu, akaitazama kwa muda mrefu kama haiyumbi. Haikuyumba.

Lakini vitanda vya mwisho, namba tano na sita na vile viwili vinavyotazamana navyo, havikupata kitu. Juu yake kulikuwa na alama mbili za penseli tu. Bibi aliendelea kupepea kwa boksi.

"Nipe siku moja, bibi," Shangazi alimwambia. "Kesho jukwaa likibomolewa, mbao zipo tele."

"Mimi nina haraka gani?" alisema bibi. "Mkono bado ninao."

*

Katibu aliingia saa tisa na nusu, amefuatana na Shemeji, na nyuma yao kijana wa Shemeji wa kubeba drili, mtu mwenye ndevu tayari, aliyeitwa Chapchap kwa sababu za wazi. Katibu aliinua kidole, akahesabu. Moja, mbili, tatu, nne.

"Mbili ziko wapi?"

"Kwenye maboksi. Mbao zimeisha."

"Mbao zipo," alisema Shemeji, ametulia kabisa, mtu mnene mwenye kutoa harufu nzuri. "Niliziweka mimi."

"Basi panda unionyeshe moja," Shangazi alimwambia. "Moja tu, Shemeji. Ukinionyesha moja, mimi natoka hapa napiga magoti mbele ya wazazi hawa wote nakuomba radhi."

Shemeji akamgeukia Katibu kama mtu aliyetukanwa na mtoto wa jirani. Katibu akampa Chapchap ishara.

Ilichukua dakika kumi na tano. Chapchap alitoboa matundu manne kwenye jipsamu, akapachika plagi za plastiki, akaingiza skrubu, akaikaza feni kwa kubana meno. Unga mweupe ulimwagika kwenye blanketi la kitanda namba tano. Akahamia ya pili. Alipokuwa anashuka, Shangazi alimshika mkono, akamuuliza kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, mkeo ungemlaza hapa?"

Chapchap hakumtazama usoni. "Mimi nimetumwa, Shangazi."

"Sikukuuliza aliyekutuma."

Akauvuta mkono wake taratibu, akaenda kusimama karibu na mlango.

Katibu alikuwa ameshatoa karatasi na kuiweka juu ya meza ya dawa. Hati ya kukamilika: *Pangaboi sita (6) zimefungwa kwenye mbao za dari kwa usalama na zinafanya kazi.* Chini kulikuwa na mstari wa fundi. Shangazi aliisoma akasimama nayo. Alimkumbuka karani wa mafaili. Alijua kitu hiki kikidondoka, karatasi itatoka kwenye faili, na jina litakalosomwa halitakuwa la Shemeji.

Akachukua kalamu. Akalikata neno "sita", akaandika juu yake "nne". Chini yake akaongeza, kwa herufi za mtu aliyeishia darasa la saba lakini anayeandika ili asomwe: *Mbili za mwisho zimefungwa kwenye jipsamu na fundi mwingine. Juu hakuna mbao. Zisiwashwe.* Kisha akasaini.

Katibu alisoma. Shingo ikamvimba. "Umeharibu hati ya serikali."

"Nimeisahihisha."

"Unajua barua yako iko wapi?"

"Naijua. Iko pale kwako, chini ya kidole chako, tangu Jumatatu." Sauti yake ilipanda bila yeye kutaka, na wodi nzima ikasikia. "Miaka kumi na moja, bosi. Kila miezi mitatu nakuja kuomba kazi ambayo jana nilikuwa naifanya. Mwenye kuiba mbao ishirini na nne ana mkataba, na anayeuliza ziko wapi ni kibarua. Hiyo ndiyo hati ya kusaini. Iandike hiyo, nitaisaini mara mbili."

Katibu akairudisha ile karatasi mezani.

"Lete ufunguo wa kisanduku," Katibu alisema. "Na kesho usije. Wala kesho kutwa."

Shangazi aliutoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya ile karatasi. Kisha akainama kukusanya spana zake. Katibu alimkabidhi Shemeji ufunguo, na wote watatu wakatoka kwenda kisandukuni kuunganisha zile mbili, ili zijaribiwe.

Hapo ndipo mama wa mapacha, aliyekuwa kimya kutwa nzima, aliposema kutoka kitandani, "Shangazi. Hii ya juu yangu ni moja ya zile?"

Angeweza kusema hajui. Tayari alikuwa amepoteza alichokuwa nacho, na mtu aliyejifungua juzi hapaswi kutishwa. Lakini alimtazama, akaona kwamba anataka kujibiwa kama mtu mzima.

"Ni moja ya zile, mama. Hii na ile ya pale. Hizi nne nyingine zimeshikwa, lala chini yake bila wasiwasi. Hizo mbili hazikushikwa na kitu."

Bibi akaweka boksi chini. Akainuka, akaenda miguuni pa kitanda cha binti yake, akaegemea kwa kifua. Kitanda hakikwenda. "Hebu njoo, sista, kina nini hiki?"

"Breki, bibi."

Sista aliangalia mlango. Yeye alikuwa na mkataba wa kudumu, na watoto wanne. Kisha akainama, akaachia breki za magurudumu, moja baada ya nyingine. Shangazi akaweka mkoba wake chini, akasukuma upande wa pili. Mama wa mapacha akakaa kitandani amewakumbatia watoto wake, anasafirishwa kama bibi harusi. Mwanamke wa kitanda namba sita akashuka mwenyewe, akaanza kukisukuma chake, mkono mmoja umeshika tumbo. Wenye nafuu wakawasaidia wasio na nafuu. Wale waliokuwa chini ya feni nzima wakabanana, wakasogeza vikapu, wakapisha nafasi. Mpaka Katibu na wenzake wanarudi, vitanda kumi na viwili vilikuwa vimesongamana upande mmoja wa wodi, ubavu kwa ubavu, na upande wa pili ilikuwa sakafu tupu, na feni mbili juu yake.

"Nani amesogeza vitanda?"

"Sisi," alisema bibi.

"Virudisheni. Kesho kuna mgeni, kuna picha. Wodi haiwezi kuwa hivi."

"Feni zile ni salama?"

"Ni salama kabisa."

"Basi mwanangu," bibi alisema kwa upole, kama anayemwelekeza mtoto njia, "simama wewe pale chini yake, sista abonyeze swichi. Dakika tano. Sisi tukikuona umesimama, tunarudi wenyewe, hata usitusaidie."

Hakuna aliyecheka. Nyuso kumi na mbili zilimtazama, na za wauguzaji wao, na ya Chapchap mlangoni. Katibu aliinua macho juu. Kwenye kitako cha feni ya tano, pale skrubu zilipoingia, ufa mwembamba kama uzi ulikuwa umeshachora njia kwenye jipsamu, na feni ilikuwa bado haijawashwa.

Akatazama simu yake, ambayo haikuwa imelia.

"Nina kikao," alisema. "Kesho saa nne nataka vitanda vyote viwe mahali pake."

Njia fupi ya kutoka ilikuwa kukatisha ile sakafu tupu. Katibu aliianza hatua moja, akasita, akageuka. Akatoka kwa kupitia pembeni, bega lake likigusa ukuta, mpaka mlangoni, na Shemeji akamfuata kwa njia ile ile.

Sista alizunguka kitanda kimoja kimoja, hapo vilipokuwa, akikanyaga breki kwa kisigino.